Anayebisha hodi ameleta nini? Huduma ya kuwatembelea wazazi wa watoto wachanga na sababu za tafiti zake kugongana

Kulieleza wazo lenyewe ni rahisi. Muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mtu wa ustawi wa jamii anakwenda nyumbani kwa mjamzito au mzazi mwenye mtoto mchanga. Anakaa naye saa moja hivi, anarudi wiki inayofuata au baada ya wiki mbili, na anaendelea hivyo kwa miezi kadhaa, pengine mpaka mtoto atimize miaka miwili. Hatozi chochote. Anayelengwa hasa ni mzazi aliyeelemewa: aliyepata mimba akiwa binti mdogo, asiye na kipato cha uhakika, anayeishi na mwenza anayempiga, au aliyechoka akili kiasi kwamba mtoto akilia anasikia kelele tu.

Ugumu unaanza ukiuliza kama huduma hii inasaidia. Utakutana na utafiti unaosema ilipunguza ukatili kwa watoto karibu nusu. Kisha utakutana na mwingine, mkubwa zaidi na uliofanywa kwa makini, unaosema haikuongeza kitu. Mwanasiasa mmoja atashika ule wa kwanza adai fedha, mwenzake atashika wa pili azikate. Kwa maoni yangu tafiti zote mbili ziko sahihi. Ziara ni gari tu. Haimponyi mtu kwa kufika mlangoni. Cha kuuliza ni imepakia mzigo gani, nani anaendesha, na inakwenda nyumba ipi.

Nyumba ipi

Mipango mingi huwa na orodha ya dalili za hatari: umri mdogo wa mama, umaskini, kukosa mtu wa kumshika mkono, sonona, ulevi au dawa za kulevya, ukatili wa mwenza, mzazi ambaye naye alilelewa kwa kipigo, mtoto njiti au mwenye ulemavu. Kosa kubwa ni kuisoma orodha hiyo kama hukumu. Wazazi wengi mno wenye dalili hizo wanalea vizuri na hawajawahi kumwinulia mtoto mkono. Dalili moja peke yake haisemi mengi. Zinatisha zinapopandana. Binti wa miaka 18 ambaye mama yake yupo karibu na mwenza wake ni mpole hafanani na binti wa umri huohuo aliyefukuzwa nyumbani na asiyejua atalala wapi mwezi ujao.

Halafu kuna wasioonekana kwenye orodha kabisa. Mama mwenye kazi nzuri na nyumba yake anaweza kupata sonona kali baada ya kujifungua, na asiwepo wa kumuuliza, kwa kuwa kwenye fomu hana alama hata moja.

Na kwa nini waanze mapema hivyo, wengine tangu mimba? Watoto wanaokufa kwa ukatili wa nyumbani wengi ni wadogo sana, na walio chini ya mwaka mmoja wako hatarini kuliko wote. Sababu moja kubwa ni kitu cha kawaida kabisa: kilio.

Kilio cha mtoto mchanga kina mwendo wake. Huongezeka kuanzia wiki ya pili hivi, hufika kileleni kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Kwenye kilele hicho, mtoto mwenye afya njema anaweza kulia kwa saa kadhaa kwa siku, mara nyingi jioni. Unamnyonyesha, unambadilisha nepi, unambeba, bado analia. Mzazi ambaye hajaambiwa hili hujipa maelezo yake: maziwa yangu hayatoshi, mtoto ananichukia, mtoto ni mkorofi, mimi sifai kuwa mama. Hapo ndipo mtu mzima aliyefika mwisho, mara nyingi mwanamume wa nyumba, humshika mtoto akamtikisa. Shingo ya mtoto mchanga haiwezi uzito wa kichwa chake. Akitikiswa kwa nguvu, ubongo huyumba ndani ya fuvu na mishipa ya damu hukatika. Sekunde chache zinatosha kumpofusha, kumwachia ulemavu wa maisha au kumuua.

Mhudumu mzuri huyazungumza haya kabla mtoto hajazaliwa au katika siku zake za mwanzo, na huomba baba awepo. Husema waziwazi: kuna jioni mtaishiwa uvumilivu. Ikifika, mlazeni mtoto chali mahali salama, tokeni chumbani, vuteni pumzi, rudini baada ya dakika kama kumi. Kisha huwataka wamtaje mtu wa kumpigia simu usiku, na hakubali jibu la "ndugu zetu wapo"; anataka jina na namba. Kipeperushi cha kliniki kinaweza kubeba maneno hayohayo, lakini hakitaona kwamba baba aliinamisha kichwa aliposikia habari ya kutikisa.

Ndani ya saa moja

Ziara iliyopangwa vizuri si ukaguzi, wala si hotuba. Chukua mtoto wa miezi 4. Mama amempakata, macho yake yapo kwenye simu. Mhudumu hamwambii aiweke chini. Anasubiri. Mtoto anageuza kichwa, anamtazama mama yake, anatoa sauti. Mama anainua macho kidogo: "Eeh?" Mhudumu anadakia hapohapo.

"Umeona, mama? Amekuita. Ulipomwitikia tu akaanza kurusha miguu."

"Ananiita mimi?"

"Mwitikie tena uone."

Mama anamwitikia, mtoto anatabasamu mdomo wazi, mama anacheka. Simu imeshaangukia pembeni na hajui.

Jambo hilo dogo ndilo mzigo wenyewe. Mtoto anatoa ishara, mkubwa anaitikia, na kwa kurudiarudia hivyo mara maelfu mtoto anajifunza kwamba sauti yake ina kazi na kwamba kuna mtu wa kumtegemea. Mary Dozier, mtafiti wa Marekani, alibuni programu ya ziara 10 iliyojengwa juu ya hili. Mhudumu wake hutakiwa kutaja kile mzazi anachofanya papo hapo, karibu mara moja kila dakika, na uchunguzi umeonyesha kwamba kadiri anavyoyatoa maneno hayo kwa wingi na kwa usahihi, ndivyo mzazi anavyobadilika. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, wana njia inayokaribiana: wanarekodi video fupi ya mama na mtoto wakicheza, kisha wanaitazama pamoja na kuisimamisha pale mama alipofanya vizuri. Kwa mtu aliyezoea kutajiwa makosa yake tu, kujiona akifanya jambo jema si jambo la kupita.

Sasa fikiria ziara nyingine. Mhudumu anaingia, anapima uzito, anajaza fomu, anamsomea mama kijitabu cha lishe kwa sauti, anasaini, anaondoka. Kwenye ripoti ya mwezi, hii na ile ya kwanza zote zimeandikwa "ziara 1".

Ushahidi ninaoupenda zaidi kuhusu mzigo unatoka vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistan. Nchi hiyo ina wahudumu wanawake wa afya ambao kwa kawaida huzunguka nyumba kwa nyumba. Mtafiti Atif Rahman na wenzake waliwapa baadhi yao mafunzo mafupi ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona: kuyatambua mawazo yanayomvunja moyo mama, kuyabadilisha kidogokidogo, na kumshirikisha mume na mama mkwe katika afya ya mtoto. Wanawake 903 walihusika. Katika maeneo ya kulinganisha, wahudumu wasiopewa mafunzo hayo walikwenda kwa wanawake wenye hali ileile mara zilezile. Matokeo, yaliyochapishwa 2008, yalikuwa hivi: miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa na wenye mafunzo bado walikuwa na sonona. Upande wa pili walikuwa asilimia 53. Idadi ya ziara ilikuwa sawa, cheo cha wahudumu kilekile, mazingira yaleyale. Tofauti ilikuwa kile walichokwenda nacho.

Utafiti mmoja unasema ndiyo, mwingine unasema hapana

Kuwatembelea wazazi si jambo jipya. Salford na Manchester, Uingereza, zilikuwa na wanawake wa kuzunguka majumbani kufundisha usafi na malezi tangu 1862, na Denmark ilitunga sheria ya wauguzi wa watoto wachanga 1937. Lakini mjadala wa leo chanzo chake ni mji mdogo wa Elmira, jimbo la New York. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti David Olds aliwagawanya kwa kura wanawake 400 waliokuwa wanatarajia mtoto wa kwanza, wengi wao wakiwa wadogo, maskini au hawajaolewa. Waliopata huduma kamili walitembelewa na muuguzi kwa wastani mara 9 wakati wa mimba na mara 23 kuanzia kujifungua mpaka mtoto alipofika miaka 2. Walipofuatiliwa watoto wakiwa na miaka 15, taarifa zilizothibitishwa za ukatili na kutelekeza watoto zilikuwa pungufu karibu nusu katika kundi hilo. Majaribio mengine yakafuata katika miji ya Memphis na Denver, hukohuko Marekani, na nchi nyingine zikaiga.

Uingereza iliiga, na ikaupima mpango huo kwa uangalifu mkubwa: mabinti 1,645 wenye umri usiozidi miaka 19, mimba ya kwanza. Majibu yalitoka 2016 na kuwavunja moyo wengi. Uvutaji sigara wakati wa mimba haukupungua kuliko kwa wenzao. Uzito wa watoto walipozaliwa ulikuwa uleule, waliopata mimba nyingine haraka walikuwa wengi vilevile, na safari za dharura za watoto hospitalini hazikutofautiana. Baadaye watoto hao walipoanza shule ilionekana faida kiasi katika maendeleo yao, lakini si yale yaliyotarajiwa.

Wakati huohuo, Uholanzi iliuchukua mpango uleule wa Olds na kupata matokeo mazuri. Kati ya wanawake 460, taarifa za ukatili kwa watoto zilifika kwa mamlaka za ulinzi wa mtoto katika asilimia 11 ya familia zilizotembelewa, dhidi ya asilimia 19 ya ambazo hazikutembelewa.

Mtu atauliza: nchi mbili tajiri, zote zina wakunga na kliniki za bure, iweje? Naona maelezo mawili yenye uzito. La kwanza ni uchaguzi wa nyumba. Uingereza iliangalia zaidi umri na mimba ya kwanza. Uholanzi ilichuja mara mbili: kwanza umri na elimu, kisha muuguzi akamhoji kila mmoja kutafuta mzigo wa ziada kama ukatili wa mwenza, madeni, kukosa makazi au kuvurugika kwa akili. La pili ni kile ambacho kundi la kulinganisha linakipata. Huko Elmira ya miaka ya 1970, mama asiyetembelewa hakuwa na mengi. Binti wa Uingereza asiye kwenye mpango bado alikuwa na mkunga wake, na baada ya kujifungua alikuwa na muuguzi wa kawaida wa kumfikia nyumbani. Kwa hiyo utafiti ule haukuuliza kama ziara zina maana. Uliuliza kama ziara nyingi zaidi, za gharama zaidi, zinaongeza kitu juu ya ziara zilizopo. Ni swali halali, lakini ni lingine.

Nani anaendesha

Huko Denver, Olds alijaribu kitu cha kuvutia. Mpango uleule aliwapa wauguzi upande mmoja, na upande wa pili akawapa watu wa kawaida waliomaliza sekondari, wengi wao wa maisha yanayofanana na ya familia zenyewe. Wauguzi walipata matokeo yaliyo wazi. Wale wengine walipata kama nusu yake. Ukiishia hapo utasema bila shahada ya uuguzi usiende.

Lakini nenda Kingston, Jamaika. Kati ya 1986 na 1987, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwaandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kila wiki, kwa miaka miwili, wahudumu wa afya wa jamii wasio wauguzi walikwenda kukaa saa moja na mama na mtoto. Walibeba vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, wakacheza, wakataja majina ya vitu, wakamwachia mama achezeshe mwenyewe. Watoto wengine walipewa chakula cha lishe tu. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Chakula peke yake hakikuacha alama ya namna hiyo.

Kwa hiyo cheti si jibu lote. Wahudumu wa Kingston walikuwa na kazi moja iliyoeleweka, mafunzo ya kazi hiyohiyo, na msimamizi aliyewafuatilia. Mtu asiye na taaluma akipewa jukumu la kushughulikia kila kitu, kuanzia chanjo mpaka madeni mpaka kipigo, anaishia kushughulikia yaliyo mepesi. Tathmini ya mpango wa Hawaii, uliowahi kusifiwa sana Marekani, ilikuta hilihili: wahudumu walifika majumbani, lakini mara nyingi hawakuzitambua sonona, ulevi na ukatili wa mwenza vilivyokuwa mbele yao, na ukatili kwa watoto haukupungua kama ilivyotarajiwa.

Ukatili wa mwenza unastahili kutajwa peke yake. Watafiti walipozirudia data za Elmira waliona kwamba katika nyumba ambazo mama alikuwa anapigwa mara nyingi, ile faida ya kupunguza ukatili kwa watoto ilitoweka. Inaeleweka. Huwezi kumfundisha mtu kuitikia tabasamu la mtoto ilhali masikio yake yote yapo mlangoni yakisikiliza nani anarudi. Mpango usiojua kuuliza kuhusu kipigo, mama akiwa peke yake, na usio na mahali pa kumpeleka akijibu ndiyo, unaziacha nyuma nyumba zinazouhitaji kuliko zote.

Msaidizi au mpelelezi?

Hofu ya mzazi ina msingi, na mipango mingi huikwepa. Katika nchi nyingi mhudumu akiona mtoto yuko hatarini analazimika kisheria kutoa taarifa. Mtu huyohuyo anayesema "niambie ukweli nikusaidie" ndiye anayeweza kuandika maneno yatakayoleta watu wa ustawi wa jamii. Mama mwenye akili timamu hupima: nikimwambia kwamba jana nilimfinya mtoto, nini kitatokea? Wengine huficha. Wengine hawafungui mlango tena, na wanaoacha mapema mara nyingi ndio walioelemewa zaidi.

Njia moja ya kupunguza aibu ni kumtembelea kila mzazi. Jijini Durham, jimbo la North Carolina, kati ya 2009 na 2010, familia zote za watoto waliozaliwa tarehe shufwa zilipewa nafasi ya kutembelewa na muuguzi mtoto akiwa na wiki 3 hivi. Za tarehe witiri hazikupewa. Ziara zilikuwa chache, na kazi yake kubwa ilikuwa kubaini nani anahitaji nini na kumuunganisha na huduma husika. Katika miezi 12 ya kwanza, matibabu ya dharura kwa watoto wa kundi la kwanza yalikuwa nusu ya yale ya kundi la pili. Muuguzi akienda kwa kila mtu, jirani hana cha kunong'ona, na yule mama mwenye nyumba nzuri na sonona naye anafikiwa. Naipenda njia hii, mradi isiwe kisingizio cha kuwapa wote kidogo na kuwanyima wenye shida kubwa ziara za mara kwa mara.

Kuna kitu ambacho hakuna ziara inayoweza kukibeba, nacho ni kipato. Mama anayeruka mlo ili mtoto ale hahitaji somo la lishe. Mipango inayofanya kazi kwa uaminifu humsaidia mzazi kujaza fomu ya ruzuku, kumpata wakili, kupanga makazi, kisha ndiyo inazungumzia malezi. Na ikipanuliwa kwa haraka kuliko wahudumu wanavyoweza kuandaliwa, hupungua nguvu. Brazil ilizindua mpango mkubwa wa aina hii 2016, ukafikia watoto wengi mno. Tathmini ya miaka mitatu haikuona tofauti katika maendeleo yao.

Kwa hiyo mzazi anayebishiwa hodi kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza maswali kabla hajafungua moyo. Nani amekutuma, na jina langu umelipata wapi? Utaandika nini, na nani atakisoma? Ni mambo gani ukiyasikia utalazimika kuyaripoti? Nikikataa, kuna huduma nyingine nitaikosa? Utakuja wewe mwenyewe kila mara, au kila mwezi nitaanza upya na mgeni? Mhudumu aliyefundwa vizuri huwa ameshayajibu mengi ya hayo kabla hajakaribishwa kukaa, pamoja na lile la kuripoti, ambalo ndilo gumu kulisema.